Sawyer Squeeze kwenye makorongo ya jangwani: chujio zuri, mifuko dhaifu, na maji ambayo haliwezi kuyaokoa

Sawyer Squeeze ni kopo la plastiki linaloenea kiganjani. Likiwa kavu lina uzito wa gramu 85 hivi, na Marekani linauzwa kama dola 40. Ndani yake umefungwa mkungu wa mirija myembamba kama uzi wa kushonea, na kuta za mirija hiyo zina vitundu visivyozidi mikroni 0.1 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Maji machafu yanaizunguka mirija kwa nje, yanapenya kuta, yanatokea katikati yakiwa safi. Bakteria hawapiti, na vijidudu vya kuhara, Giardia na Cryptosporidium, hawapiti. Halina betri wala dawa, na hakuna haja ya kusubiri nusu saa ndipo unywe. Teknolojia hiyo hiyo ndiyo iliyomo kwenye machujio ya ndoo ambayo mashirika ya misaada yamegawa vijijini Afrika Mashariki, kwa hiyo huenda umeshamwona nduguye akining'inia kwenye mpira chini ya ndoo ya lita 20.

Sifa zake nyingi zimeandikwa na watu wanaochota kwenye vijito vya milimani, maji kama kioo. Korongo la jangwani ni kazi nyingine kabisa. Maji ni machache, yako mbali, na ukiyafikia mara nyingi ni tope, au yana chokaa, au yana kitu kisichoonekana kwa macho. Hapa tunalipima kwa kazi hiyo, mfano mkuu ukiwa Grand Canyon kule Arizona, kwa sababu ndipo watu wengi hujifunzia kutembea jangwani na begi mgongoni, na ndipo makosa ya maji huonekana waziwazi. Msimamo wetu: linunue, mifuko yake iache nyumbani, na ujue ni maji gani ya kuyapita ukiwa na kiu.

Tuanze na tope, maana hapo ndipo chujio hili linapotukanwa bure.

Mto Colorado ukitoka kwenye bwawa la Glen Canyon ni baridi na kijani, kwani tangu malango yalipofungwa mwaka 1963 tope linabaki nyuma ya ukuta. Ukishapokea mto Paria na Little Colorado, hasa mvua za Julai hadi Septemba, unageuka rangi ya chai ya maziwa. Jaza mfuko maji hayo, funga chujio, bana. Nusu lita ya kwanza inatoka vizuri, unajisifu kwa kununua. Nusu ya pili inakuja kwa matone. Ya tatu unabana mpaka vidole vinakuwa vyeupe, mfuko unavimba kama puto, kisha unapasuka pale pale ambapo shingo ngumu imegandishwa na plastiki laini. Wengi hutupa lawama kwa chujio. Chujio halijafa, limeshiba tope.

Maji ya namna hiyo yatulize kabla hayajagusa chujio. Beba ndoo ya kukunja ya lita 5 hadi 10, ni nyepesi kuliko jozi ya soksi nene. Jaza jioni, iweke juu ya jiwe tambarare, usiisogeze. Asubuhi chota kwa kikombe juu juu, polepole, na ukiona maji yanaanza kuwa na ukungu acha hapo. Robo ya chini irudishe mtoni. Usikubali kuiinamisha ndoo ili upate kikombe kimoja zaidi, maana tope lote lililolala usiku kucha litaamka kwa sekunde mbili.

Usipokuwa na usiku mzima, tumia shabu. Ndiyo, shabu ile ile ya sokoni ambayo kinyozi hukupaka kidevuni. Watu wa maboti wa Colorado wanaijua, na bibi zetu wa pwani waliijua kabla yao. Chembe za udongo mfinyanzi hubeba chaji ya umeme ya aina moja, zinasukumana, ndiyo maana zinaelea siku nzima bila kutua. Shabu inaivunja ile chaji, chembe zinashikana kuwa mabonge kama ya maziwa yaliyoganda, na mabonge yanazama. Saga kwanza iwe unga. Kwa lita 4 weka kati ya sehemu moja ya nane na robo ya kijiko cha chai, koroga kwa nguvu kama dakika moja, halafu koroga taratibu dakika chache zaidi, kisha usiguse. Ndani ya saa moja kwa kawaida unaona juu pameng'aa. Ukizidisha utajua kwa ulimi: maji yanakuwa makali na mdomo unakauka kama umekula embe bichi. Na hakikisha huchoti yale mabonge, kwani yanaziba mirija sawasawa na tope lenyewe.

Mbegu za mlonge zilizosagwa zinafanya kazi inayofanana, ila zinaacha mabaki ya mmea ndani ya maji, kwa hiyo maji hayo yachuje na uyanywe siku hiyo hiyo. Kuhusu kanga au leso: ikunje mara nne, ifunge kwenye mdomo wa kikombe, itakuzuilia majani, mabuu na utando wa kijani wa vidimbwi. Udongo mfinyanzi unapita kwenye kitambaa chochote, usijidanganye.

Mifuko sasa. Ile inayokuja ndani ya boksi ina mdomo mwembamba. Mtoni inajaa, lakini kwenye kidimbwi cha mwambani chenye kina cha vidole vitatu haijai hata ukiilaza ubavu. Unaishia kuchota kwa kikombe na kumimina kama mtu anayejaza koroboi. Pia haikuumbwa ivumilie mikono yenye hasira. Badala yake nunua mfuko mmoja wa lita 2 unaofunguka upande mzima, kama CNOC Vecto wa thredi (michirizi ya kuzungushia kifuniko) za milimita 28. Unaufungua chini, unaukokota majini mara moja, unakunja, unabana kwa kibanio chake. Upande wa pili chujio linajifunga.

Thredi hizo za milimita 28 ni sababu nzuri ya kulichagua chujio hili kwa mtu wa Afrika Mashariki au wa Muscat, kwa kuwa ni zile zile za chupa nyingi za soda. Mfuko ukitoboka katikati ya safari, chupa yoyote ya soda ya plastiki inaziba pengo. Angalizo ni kwamba chupa nyingi za maji ya dukani zenye vifuniko vifupi vipana hazikai. Zinaonekana kukaa, zinazunguka nusu, kisha zinavuja. Jaribu dukani kabla hujalipa. Na ukitumia chupa, kumbuka haina pa kuvutia hewa: bana, legeza chujio kidogo ivute pumzi, kaza, bana tena.

Kubana kwenyewe kuna adabu yake. Jaza mfuko robo tatu. Funga chujio likiwa wima, thredi ziingiane bila kulazimisha. Kunja mfuko kuanzia chini kama unavyomalizia dawa ya meno, usiukamue kama nguo iliyofuliwa. Ukisikia unapambana, acha. Mfuko unakuambia chujio linataka kusafishwa. Kama una mti au mwamba wa kutundikia, litundike kwa urefu wa mita moja juu ya chupa safi na uende kupika. Maji yatashuka yenyewe. Likiwa jipya na kavu linaweza kukataa kutiririka kwa sababu ya hewa iliyonaswa. Ligonge kidogo kiganjani au vuta maji kwa mdomo mara moja.

Kuna kitu kidogo kinachoangusha safari nyingi kuliko tope: washa, yaani pete nyeupe ya mpira iliyo ndani ya mdomo wa chujio. Ukikaza kupita kiasi inajikunja, maji machafu yanatiririka pembeni na kudondokea kwenye chupa safi. Au unafungua chujio, washa inabaki imenata kwenye shingo ya chupa, unasuuza chupa mtoni, washa hiyooo. Bila washa chujio zima ni kopo tu. Beba mbili za akiba ndani ya boksi la dawa, na kila unapolifungua chungulia ndani. Hili ni jambo la sekunde moja.

Kulisafisha kunafanywa kwa bomba la sindano linalokuja nalo, la mililita 60 hivi. Vuta maji safi, yaliyokwisha kuchujwa, sukuma kwa kurudi nyuma kupitia mdomo wa kutokea. Sukuma kwa nguvu. Ukisukuma kwa upole maji yanapita kwenye mirija michache iliyo wazi na kuiacha iliyoziba imeziba, na hapo ndipo watu husema wamesafisha lakini halijarudi. Sindano ya kwanza inatoa kitu rangi ya uji wa ulezi. Ya tatu inatoa maji ya mchele. Endelea mpaka nane au kumi, au mpaka yatoke meupe. Siku za maji ya tope fanya hivyo kila jioni, hata kama bado linatiririka vizuri. Ukisubiri mpaka lizibe kabisa, hutakuwa na maji safi ya kulisafishia. Sindano ni nene na inachukua nafasi, na wengi huiacha nyumbani. Mbadala ni chupa yenye kizibo cha kunyonyea ambacho kinakaa vizuri juu ya mdomo wa chujio: jaza maji safi, gandamiza hapo, bana. Inatosha kwa safari ya siku tatu, si kwa wiki.

Likipungua kasi huku maji yalikuwa safi, mshuku chokaa. Grand Canyon na milima ya Hajar kule Oman ni nchi za mawe ya chokaa, na chemchemi zake huacha ukoko mweupe kwenye sufuria na ndani ya mirija pia. Sindano haiutoi. Ukirudi nyumbani lizamishe kwenye siki nyeupe nusu saa, kisha suuza kwa kurudi nyuma mara kadhaa. Harufu ya siki itakusindikiza lita moja au mbili, haina neno.

Tuje kwenye maji ambayo chujio hili haliwezi kuyatibu.

Vitundu vya mikroni 0.1 vinazuia kitu chenye mwili. Kilichoyeyuka kinapita: chumvi, magadi, floraidi, urani, dawa za shambani. Chukua njia ya Hermit hadi Bright Angel, mzunguko maarufu wa siku tatu au nne chini ya ukingo wa kusini wa Grand Canyon. Hermit Creek ina maji mwaka mzima, Monument Creek nayo ya kutegemewa. Baada ya Monument unafuata njia ya Tonto kwa kama kilomita 17 mpaka Havasupai Gardens, mahali palipoitwa Indian Garden hadi 2022. Katikati unakutana na Salt Creek, ambayo ni ya msimu na chumvi yake imo kwenye jina, na Horn Creek. Horn Creek inaweza kuwa na maji mazuri kabisa kwa macho, yanatiririka juu ya mwamba, nawe jua limekuchoma kwa saa nne. Juu yake ukingoni kulikuwa na mgodi wa urani wa Orphan, uliofungwa 1969, na hifadhi inawaonya watu wasiyanywe maji hayo. Chujio litayapitisha kama yalivyo. Kwa hiyo ondoka Monument na lita 4 za kunywa kila mtu, 5 au 6 ikiwa joto, na uzito huo ukubali, kwa kuwa lita moja ni kilo moja na hakuna chujio linalopunguza kilo. Anza kabla ya mapambazuko. Hifadhi inashauri usitembee kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni majira ya joto, kwani chini ya korongo kivulini hufika nyuzi 49 za Selsiasi. Na maji hayo yanywe pamoja na kitu chenye chumvi: kunywa lita nyingi tupu huku unatoka jasho kunashusha chumvi ya damu, na mtu anaanza kuchanganyikiwa akiwa na chupa imejaa mkononi.

Kwa msomaji wa Arusha au Nakuru, weka floraidi mahali pa urani. Miteremko ya Meru, Ngare Nanyuki, sehemu kubwa ya Bonde la Ufa: maji yanaweza kuwa maangavu na bado yana floraidi mara nyingi zaidi ya miligramu 1.5 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisizidiwe. Meno ya kahawia ya watoto wa huko yanasimulia yenyewe. Kinachoondoa floraidi ni mkaa wa mifupa, wala si mirija. Kwa siku mbili za matembezi haitakudhuru sana, ila mtu anayeongoza watalii kila wiki akinywa humo asijione salama kwa sababu ana Sawyer. Ukanda wa ziwa Natron, magadi utayasikia ulimini mara ya kwanza; hapo beba maji kutoka kwenye gari.

Virusi ni habari ya pekee. Virusi ni vidogo kuliko kitundu, vinapita. Zamani watu wa jangwani walisema virusi havina shida pasipo na watu. Mwaka 2022 norovairasi, virusi vya kutapika na kuhara, viliwapiga watu zaidi ya 200 waliokuwa Grand Canyon kwenye maboti na kwa miguu. Korongo lenye watu wengi wanaochimba choo karibu na maji si pasipo na watu. Wadi, yaani bonde la mto wa msimu, iliyo chini ya kijiji pia, iwe Oman au Marakwet. Chuja kwanza, halafu tia dawa: kidonge cha klorini kinaua virusi ndani ya nusu saa kama maji ni maangavu, na Cryptosporidium ambaye klorini haimwezi ameshazuiwa na chujio. Soma kipimo kwenye pakiti, kwa maana Aquatabs za miligramu 67 zinazouzwa kwenye maduka ya dawa ni za ndoo ya lita 20, si za chupa yako. Tafuta zile ndogo za lita moja. Au chemsha: dakika moja tangu yaanze kutokota, dakika 3 ukiwa juu ya mita 2,000. Kichocho kwa mdomo chujio linakizuia bila taabu, lakini kichocho huingia kwa ngozi, kwa hiyo chota ukiwa umesimama kwenye jiwe, usitumbukize miguu.

Baridi ndiyo inayoliua. Mirija ikishalowa, ikiganda, barafu inaipasua, na hakuna alama yoyote kwa nje. Maji yataendelea kutoka, tena kwa kasi nzuri kuliko jana, na kasi hiyo ndiyo inayodanganya. Jangwa lina usiku wa baridi kuliko watu wanavyodhani: ukingo wa Grand Canyon uko mita 2,100, Jebel Shams kule Oman inakaribia 3,000, na njia za Mlima Kenya huganda mwaka mzima. Usiku litie kwenye mfuko mdogo usiopitisha maji, lala nalo ndani ya mfuko wa kulalia karibu na tumbo. Likiwahi kuganda, au ukiwa na shaka kwamba liliganda, litupe. Usiliuze wala usimpe rafiki.

Hapo ndipo mpinzani wake Platypus QuickDraw anapomzidi: yeye ana njia ya kupima mirija, unajaza maji, unapuliza, ukiona mapovu umjue amepasuka. Naye ana thredi za milimita 28. Kama safari zako nyingi ni za baridi, mchukue huyo. Katadyn BeFree ni mwepesi na ana kasi inayofurahisha kwenye maji maangavu, lakini unamsafisha kwa kumtikisa majini tu, hakuna kurudisha nyuma kwa nguvu, na thredi zake za milimita 42 hazikai kwenye chupa ya soda; tope la Colorado linammaliza mapema. Sawyer Mini ni nafuu na ni mdogo, na utajutia kila dakika ya kuubana. Mtengenezaji anasema Squeeze linafika lita 378,000. Hiyo ni hesabu ya maji safi na mtu mvumilivu wa sindano. Jangwani umri wake unategemea ndoo yako ya kutuliza.

Mwisho wa safari lirudishie maji nyuma mpaka yatoke meupe, pitisha lita moja ya maji yenye matone machache ya Jik isiyo na manukato, likung'ute, liache wazi kivulini siku kadhaa mpaka likauke ndani. Usilifungie kwenye begi likiwa na unyevu, litaota ukungu. Kabla ya safari inayofuata lizamishe kwenye maji ya uvuguvugu nusu saa, kwa sababu mirija iliyokauka hushikana na chujio zima huonekana limeziba. Jaribu lita mbili jikoni. Washa za akiba ziko wapi?